Jabali la nyuma ya kiwanja Veyula: ni volkano iliyolala?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Veyula, hapahapa Dodoma. Nyuma ya kiwanja alichonunua kuna jabali kubwa, na fundi aliyekuja kumpasulia kokoto kamwambia hiyo ni lava ya volkano ya kale iliyoganda. Akasoma kidogo kwenye simu akakuta mawe ya volkano yenye silika nyingi (silika ni muungano wa silikoni na oksijeni) ndo yanayotoka kwenye milipuko mibaya kuliko yote duniani, na graniti, ambayo ndo jiwe la jabali lake, nayo ina silika nyingi, basi usingizi ukakata. Anauliza: hilo jabali liliwahi kulipuka? Linaweza kulipuka tena? Na lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa aliloliokota shambani kwa mama yake Kondoa, si ndo lava yenyewe?

Dada yangu, jenga nyumba yako. Hilo jabali halijawahi kulipuka na halitalipuka. Ila fundi wako usimcheke, kwenye maneno yake kuna nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii ya mawe, kwahiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Chukua kipande cha hilo jabali, kile kilichopasuliwa juzi ambacho jua halijakichakaza, kimwagie maji kidogo alafu kiangalie juani kwa karibu kabisa. Utaona punje nyeupe au za pinki zenye uso bapa unaomeremeta ukigeuza jiwe, hizo ni felspa. Katikati yake kuna punje za kijivu kama zimepakwa mafuta, hazina uso bapa, hiyo ni kwazi, na kwazi ni silika tupu. Alafu kuna vidoa vyeusi ukivikwangua kwa ncha ya kisu vinabanduka kama magamba ya samaki, huo ni ulanga mweusi. Sasa angalia ukubwa wa hizo punje, nyingine kama mtama, nyingine kama haragwe. Hapo ndo penyewe. Fuwele haifiki ukubwa wa haragwe kwa wiki moja wala kwa mwaka, inataka magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ipoe polepole mno, maelfu kwa maelfu ya miaka, na magma iliyomwagika juu kwenye hewa haiwezi kupoa hivo, inashtuka inaganda haraka. Kwahiyo jabali lako lilikuwa magma kweli, ya moto wa nyuzi kama 700 hivi za sentigredi, lakini iliganda ikiwa chini, kilomita nyingi ndani ya ardhi, imefunikwa na miamba mingine kama ugali ndani ya hotipoti.

Hicho kifuniko kimeliwa na mvua, upepo na mito, kidogokidogo, kwa muda ambao akili inachoka kuufikiria. Graniti zetu za Dodoma ni sehemu ya ule msingi wa kale wa katikati ya Tanzania na zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mlimwa, lile jabali la Lion Rock, yale mawe yaliyopandana unayoyaona ukiwa kwenye basi kuelekea Manyoni, yote yalikuwa tumboni mwa ardhi. Mzigo wa juu ulipoondoka mwamba ukatanuka, ukaanza kuachia maganda kama kitunguu, ndo maana mengi yamekuwa ya duara. Wapasua kokoto wanalijua hili bila kufundishwa na mtu, wanawasha moto juu ya jabali na baada ya muda unasikia pah, ganda limenyanyuka.

Sasa ile nusu ya ukweli. Magma hiyohiyo, mchanganyiko uleule, ingefanikiwa kufika juu ingeitwa rayolaiti. Peleka maabara kipande cha graniti na kipande cha rayolaiti, namba zinarudi zinakaribiana sana, silika asilimia 70 na ushee. Tumbo moja, mmoja alibaki ndani mwingine akatoka. Na waliotoka ndo waliofanya hayo uliyoyasoma kwenye simu.

Inatoka wapi magma ya namna hii? Chini kabisa, kwenye mantili, lile tabaka lililo chini ya ganda la dunia, ukiyeyusha mwamba wa kule hupati hiki kitu, unapata basalti, nyeusi, nzito, silika kama asilimia 50 hivi. Kutoka 50 mpaka 70 kuna safari. Njia ya kwanza unaijua tangu utotoni: barafu ya ukwaju. Mtoto akinunua barafu ananyonya utamu wote mwanzoni, mkononi inabaki barafu nyeupe haina ladha, kwa sababu kwenye friji maji ndo yalitangulia kuganda na sukari na ukwaju vikasukumwa kwenye kile kilichobaki kimiminika. Magma nayo hivohivo, ikipoa, fuwele zinazotangulia kuganda ni zile zenye chuma na magnesi nyingi na silika kidogo, zinabaki chini, na umajimaji unaobaki unazidi kuwa na silika. Mkanada mmoja, Norman Bowen, alilieleza hili vizuri kwa majaribio ya tanuru na akaliandikia kitabu mwaka 1928, na mpaka leo wanafunzi wa jiolojia wanaanzia kwake.

Njia ya pili ni kuyeyusha upya. Basalti yenye moto wa nyuzi 1,100 na zaidi inapanda kutoka chini, inafika kwenye ganda la bara, ule mwamba unaobeba nchi kavu, na ganda la bara ni jepesi kuliko yenyewe, basi inakwama hapo chini na kuanza kulipika kama jiko lililowekwa chini ya sufuria. Ganda la bara halihitaji joto lote hilo kuanza kulainika, na kinachotoka kwanza ni kile chenye silika nyingi. Kwenye volkano nyingi kubwa njia zote mbili zimechangia, na ubishi unabaki kwenye kiasi gani imetoka wapi.

Alafu toa kichwani ile picha ya ziwa la moto linalochemka chini ya mlima. Kwa muda mrefu wa maisha yake, magma ya namna hii ni kama makande yaliyokauka, punje nyingi na mchuzi kidogo katikati yake. Ule mchuzi unakamuliwa taratibu na uzito wa punje, unapanda, unajikusanya juu, na pale ukijaa wa kutosha ndo kuna kitu cha kulipuka. Kuna sehemu binadamu wameigusa kabisa hii magma: mwaka 2009 kule Iceland, eneo la Krafla, walikuwa wanachimba kisima cha mvuke kwa ajili ya umeme, wakafika kilomita 2.1 mashine ikaingia kwenye rayolaiti mbichi, haijaganda. Hawakuitafuta. Mimi nikiwaza hilo tukio mpaka leo nasisimka, maana maisha yetu yote tunasoma kitu ambacho hatujawahi kukiona kikiwa nyumbani kwake.

Sasa kwanini inalipuka wakati basalti ya Hawaii inatiririka watu wanapiga picha? Silika ndani ya magma haikai peke yake, kila chembe ya silikoni inashikana na oksijeni nne, na hizo zinashika na jirani, na jirani na jirani, mpaka unapata wavu. Silika ikizidi wavu unakuwa mkubwa na kitu kizima kinagoma kutiririka. Basalti ni uji. Rayolaiti ni ugali wa uwele, tena uliolala. Na si kwa kuongeza chumvi, mnato wake unaweza kuwa mara mamilioni na zaidi ya basalti, alafu yenyewe inatoka ikiwa na joto dogo, nyuzi 700 mpaka 850 hivi, ambayo inazidisha ugumu.

Mnato peke yake haulipui kitu, kinacholipua ni maji. Wewe ni mtu wa Dodoma, mchuzi wa zabibu unaujua. Ukiujaza kwenye dumu ukafunga kizibo kwa nguvu ukauacha juani, siku ya pili dumu limevimba, na ukifungua ghafla linakurukia usoni. Gesi ilikuwemo humo, imeyeyuka, imebanwa. Magma yenye silika nyingi inabeba maji, inaweza kufika asilimia 4 mpaka 6 ya uzito wake, yameyeyuka humo huoni tone. Ikipanda mzigo wa juu unapungua, yale maji yanageuka mvuke, mapovu yanaanza. Kwenye uji mapovu yanapanda yanapasuka yanaisha. Kwenye kitu kizito hayana njia. Umewahi kusonga ugali, unajua pale unapoanza kushika unavyorusha matone yanaunguza mkono, sasa huo ni mvuke kidogo tu kwenye sufuria. Humu mapovu yanatanuka mpaka kuta zake zinachanika, na magma yote inageuka vumbi la vioo na kurushwa juu kilomita 20, 30 angani. Majivu ya volkano si majivu ya moto wa kuni, ukiyaweka chini ya hadubini ni vipande vya kioo vyenye ncha. Na mapovu yale ambayo hayakuchanika yote yanaganda yakawa lile jiwe jepesi la kusugulia miguu, povu la kioo lililoganda, lile linaelea kwenye beseni.

Ila maji hayohayo yanayolipua ndo yanayokwamisha, na hiki wengi hawakijui. Magma yenye maji mengi inaweza kubaki kimiminika hata kwenye nyuzi 650 hivi, kwa sababu maji yanalegeza ule wavu wa silika. Ikianza kupanda, maji yanatoka, wavu unakaza, na joto la kuganda linapanda mpaka linaifikia magma yenyewe. Inaganda bila hata kupoa. Ile iliyo na moto zaidi na maji ya wastani ndo inayopita. Sasa jabali lako ni ile hadithi ya kwanza, na graniti nyingi za dunia hii ni hadithi hiyohiyo, magma iliyoishiwa pumzi njiani.

Waliofanikiwa kutoka wameacha alama. Mwaka 1912 huko Alaska, mahali panaitwa Novarupta, rayolaiti ilitoka kwa masaa kama 60, ukawa mlipuko mkubwa kuliko mwingine wowote wa karne ile ya 20, na mlima Katmai uliokuwa kilomita 10 pembeni ukadidimia kilele chake kwa sababu magma ilikuwa imenyonywa kutoka chini yake. Bonde zima likajaa majivu ya moto yaliyotoa moshi miaka na miaka. Bahati watu walikuwa wachache.

Chaitén ndo ninaotaka uujue zaidi. Upo kusini mwa Chile, karibu na mji mdogo wa jina hilohilo, kama kilomita 10 tu. Watu walikuwa wanauona kama kilima, una kichuguu cha kioo cheusi katikati, hauna moshi, karne nyingi umenyamaza, na hakuna aliyekuwa anaupima. Mwisho wa April 2008 usiku watu wakasikia matetemeko, vyombo vinacheza kabatini. Baada ya kama siku moja hivi, tarehe 2 Mei, mlima ukafunguka. Wataalamu walikuja kuzipika tena sampuli zake maabara kupima fuwele zake, wakakuta ile magma ilipanda kutoka kina cha kilomita 5 hivi mpaka juu kwa kama masaa manne. Masaa manne! Unatoka Dodoma kwa basi na hujafika Morogoro mjini vizuri. Watu elfu nne na zaidi walihamishwa kwa boti, na ni vizuri walihama, maana siku chache baadae mvua ilishusha majivu yote mtoni, mto ukahama njia ukapita katikati ya mji na kubeba nyumba. Kabla ya hapo hakuna mlipuko mkubwa wa rayolaiti uliowahi kufuatiliwa kwa vifaa vya kisasa, kwahiyo nusu ya tunachokijua kuhusu kasi yake tumekijua pale.

Na baada ya kishindo, volkano ileile ikaanza kutoa kioo kizito taratibu, kikajikusanya kuwa kilima kipya. Hilo lilisumbua vitabu, maana zamani tulifundishwa kwamba inalipuka kwanza, gesi ikiisha ndo lava inatoka. Pale, na tena kwenye Cordón Caulle hukohuko Chile mwaka 2011, vyote viwili vilitoka tundu moja wakati mmoja, huku inalipuka huku inatiririka, kwa sababu magma inapasuka nyufa gesi inapenya humo, nyufa zinaziba zinafunguka tena. Mtiririko wa Cordón Caulle ulikuwa mzito kiasi kwamba uliendelea kusogea miezi kadhaa baada ya mlima kunyamaza.

Ile mikubwa kabisa, ambayo nadhani ndo iliyokukatisha usingizi, ni mambo ya Toba na Yellowstone. Toba ipo Sumatra, ililipuka miaka kama 74,000 iliyopita, ikatoa magma kilomita za ujazo zinazokadiriwa 2,800, ardhi ikadidimia na leo pale ni ziwa la urefu wa kilomita 100. Vioo vyake vidogo vimefika mpaka kwetu. Mwaka 2013 watafiti walitangaza wameviona kwenye tope la chini la Ziwa Nyasa, kilomita kama 7,000 kutoka kwenye mlima wenyewe, punje za kioo ambazo macho hayazioni. Na tope hilohilo halikuonyesha baridi kali ya miaka mingi kwa upande wetu, kitu ambacho kilipunguza nguvu ile hadithi kwamba Toba nusura imalize binadamu. Yellowstone ya Marekani imekuwa na milipuko mikubwa mara tatu, miaka milioni 2.1, milioni 1.3 na 640,000 iliyopita, na wanaosema imechelewa wanafanya hesabu ya ratiba kwa namba tatu tu, ambayo hata daladala hupangi hivo.

Kwetu Tanzania hali ni tofauti, na hapa ndo uweke moyo wako chini. Volkano changa iliyo karibu na Dodoma ni Hanang, na mawe yake ni ya silika kidogo, ni ukoo mwingine kabisa. Ol Doinyo Lengai ndo kinyume kamili cha rayolaiti, lava yake karibu haina silika, ni kaboneti yenye sodiamu nyingi, nyuzi 500 na kitu tu, inatiririka nyepesi kama oili ya gari, nyeusi, na ndani ya siku chache imegeuka nyeupe. Mlipuko uliokaribia tabia ya rayolaiti nchini upo Mbeya. Rungwe miaka kama 4,000 iliyopita ulirusha mawe mepesi juu sana, na upepo ulikuwa mdogo siku ile, yakadondoka karibu sawa pande zote. Ukipita Tukuyu sehemu barabara ilipokata kilima utaona lile tabaka la rangi ya krimu limelala katikati ya udongo, ukichomoa punje moja utashangaa wepesi wake mkononi. Hiyo si rayolaiti, ni trakaiti, silika yake iko kwenye 60 na kitu, ila kazi ni ileile.

Rayolaiti changa yenyewe ipo kwa majirani, Naivasha, kule Olkaria ambako Kenya wanavuna umeme wa mvuke tangu 1981. Tanzania nayo ipo, ila ya kale sana, kwenye mikanda ya dhahabu Kanda ya Ziwa, imebanwa na kupikwa upya mpaka inahitaji jicho lililozoea.

Matetemeko tunayoyasikia Dodoma mara mojamoja hayatokani na magma chini ya jabali lako. Ni bonde la ufa linajivuta, zile kingo za Fufu na ule ukuta wa kushuka Bahi ni nyufa hai. Kwahiyo pesa uliyotaka kutumia kuogopa volkano iweke kwenye nondo na mkanda wa zege juu ya madirisha, na kama kuna bonge limekaa juu ya jabali limeegemea tu, nyumba iwe mbali nalo, usiache mtu achimbue udongo chini yake.

Sasa jiwe la Kondoa. Kioo cha volkano, obsidiani, hakidumu. Kinanyonya maji kidogokidogo na kugeuka fuwele, ndo maana ukikiona bado kinang'aa ujue ni cha juzijuzi kwa kalenda ya mawe, hakiwezi kutoka kwenye msingi wetu wa miaka bilioni 2.5. Kikikutwa kanda hii kimebebwa na watu. Kwenye pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, vimechimbwa vifaa vya mawe vya obsidiani ya Naivasha, kilomita kama 300, na waliovibeba ni watu wa Enzi ya Mawe, kwa miguu.

Ila picha uliyotuma ina vitundu juu na kutu pembeni, na unasema ni zito. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu uisogeze. Kisha vunja ncha ndogo uielekeze juani: obsidiani pembeni pake pembamba panapitisha mwanga, kama chai ya rangi. Kama haipitishi na sumaku inashika hata kidogo, hayo ni mavi ya chuma. Kondoa watu walikuwa wanayeyusha chuma wenyewe, wanafua majembe, na yale mabaki ya tanuru yanaganda meusi yanang'aa hivohivo. Mwambie mama asilime pale kwa trekta kwanza. Akiona udongo mwekundu ulioungua na vipande vya mabomba ya udongo ya kupulizia tanuru, apige picha vikiwa palepale, asivitoe, na hilo jiwe lako liletee ofisi za GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, hapa Dodoma walitazame.